Fundo

Mimi ndiye niliyelifungua.
Nianzie hapo, kabla hamjanipoza kwa kahawa
na kwa maneno ya yaliyopita si ndwele.
Kamba ya buluu, imezungushwa mara mbili kwenye nguzo,
gati la mbao limelowa nyayo za waliotoka sauna.
Ilpo ameshakaa nyuma, mkono kwenye injini.
Akasema: Shemeji, tuachie.
Nikawaachia.

Msisingizie giza. Giza halikuwepo.
Huku kwetu, usiku wa sikukuu ya kiangazi,
jua hugusa ziwa kama mtu apimaye maji kwa kidole,
akakitoa kabla hakijalowa.
Tuliona kila kitu: matawi ya mibetula mlangoni,
moto mkubwa wa jirani ng'ambo ya pili,
makopo ya bia chini ya benchi
(niliyahesabu asubuhi, thelathini na moja),
na chupa ya vodka ambayo hatukuimaliza,
maana walikwenda nayo.

Jaketi za kuokolea zilikuwamo, tatu, za rangi ya chungwa.
Walizikalia,
alumini isiwatie baridi.
Ile kamba nyekundu ya kuzima injini,
anayopaswa dereva kujifunga mkononi
ili akianguka yeye, injini nayo inyamaze,
ilikuwa bandani, msumarini, jirani na chekecheke la viazi.
Bado ipo. Sijaigusa.

Wahenga husema ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge.
Hawakusema uyavulie na akili.

Tuulikki, mdogo wangu, alikaa mbele,
kiatu kimoja mkononi, anacheka,
ananiita kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa.
Jarkko wa duka la vyuma alisimama.
Nani husimama ndani ya boti?
Sote tulikuwa tumeshasimama mahali pasipostahili jioni ile.

Kuna mwamba, tunauita Mgongo wa Ng'ombe.
Ilpo aliujua tangu ana miaka saba;
ndipo alipovua samaki wake wa kwanza mwenye meno,
na alama ya mti ameipaka rangi mwenyewe kila Mei.
Mwamba haukusogea.
Tangu barafu ya kale ilipouacha pale
haujasogea hata unyayo.

Nilisikia mlio wa injini ukipanda, ukipanda,
halafu sauti ndogo, ndogo kabisa,
kama mtu aliyefunga kabati jikoni.
Injini ikaendelea kunguruma.
Hilo ndilo ninaloliota: si kishindo,
ni ile injini isiyo na mtu
ikizunguka, ikizunguka,
na mimi gatini nikidhani wanacheza.

Askari alimpa Ilpo mrija apulize.
Akapuliza, akalia, akapuliza tena.
Jarkko walimbeba na nyonga iliyovunjika.
Tuulikki walimpata wapiga mbizi saa tatu asubuhi,
maji yakiwa shwari, mazuri hata nikayachukia.
Mimi hakuna aliyenipa mrija.
Hakuna aliyeniuliza: na kamba, nani alifungua?

Mwaka huu vijana wa nyumba ya pili
wameshuka gatini kwao saa saba za usiku,
kreti begani, redio inapiga kelele.
Nimekwenda na koti langu la mvua juu ya nguo ya kulalia,
nikaikalia kamba yao.
Wameniita bibi kichaa. Mmoja amepiga picha.
Mwingine, mpole, ameniambia:
Mama, tunazunguka mara moja tu.
Nikamwambia, mara moja naijua.

Nimekaa. Mbu wamenila.
Makalio yamekufa ganzi juu ya fundo.
Saa kumi na moja wamelala nyasini, mmoja mmoja, vinywa wazi,
na boti yao imebaki inagonga gati,
polepole,
kama anayebisha hodi na hana haraka.